Jinsi Kompyuta Ndogo Ilivyofika Ngong Road

Kaskazini ya Ngong Road, jijini Nairobi, iko Kawangware pamoja na sehemu yake iitwayo Kongo. Kusini yake iko Kibera. Katika barabara hiyo, ndani ya jengo la Bishop Magua Centre, palifunguliwa mwezi wa Machi 2010 ukumbi wa iHub, ambamo vijana walipata meza na intaneti ya kasi kwa kazi za kompyuta. Ili tufahamu uzito wa jambo hilo, yafaa tutazame kwanza mambo yaliyotendeka mbali na hapo.

Mikrokontrola ni kompyuta nzima iliyokusanywa katika kipande kimoja cha silikoni. Ndiyo iendeshayo mashine za kufulia, mita za umeme na vitu vingi tusivyodhani kuwa vina kompyuta. Texas Instruments waliileta sokoni mwaka wa 1974. Lakini kuiandikia amri ilikuwa kazi ya wenye mali. Katika aina moja iliyouzwa na Intel miaka hiyo, mwandishi aliyekosea herufi moja alilazimika kukiweka kipande chini ya taa ya mionzi ya urujuanimno, angoje dakika kadhaa hata amri zote zifutike, ndipo aanze tena. Taa hiyo, kifaa cha kuandikia, na programu ya kutafsiri amri, vyote vilihitaji fedha ambazo mwanafunzi hakuwa nazo.

Mageuzi yalitoka katika shule ya usanifu mjini Ivrea, Italia, ambako wanafunzi walitumia bodi ya yapata dola 100. Mwaka wa 2003 Hernando Barragán, mwanafunzi kutoka Kolombia, alianza Wiring, mpango uliounganisha bodi na programu ya kuiandikia amri. Mwaka wa 2005 Massimo Banzi, David Cuartielles na wenzao wakatoa Arduino, iliyojengwa juu ya kazi hiyo na kupewa jina la baa ya mjini humo. (Barragán hatajwi kama anavyostahili.) Shule ilikuwa karibu kufungwa, kwa kuhofia kazi yao isizikwe pamoja nayo, waliziweka wazi ramani za bodi na maandishi ya programu, kila mtu azitumie bila malipo. Bei ya bodi ikashuka hata yapata dola 30, na zile zilizoigwa China zikawa rahisi zaidi.

Lakini programu ya bure ilipaswa kuletwa kwa intaneti, na Kenya ilitegemea setilaiti, ghali na ya polepole, mpaka mwaka wa 2009, nyaya za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa kupitia chini ya bahari. Mwaka uliofuata iHub ikafunguliwa, na kijana wa Kibera aliweza kuifikia kwa miguu.

Matayarisho yenyewe ni mafupi. Mtu hupakua programu, huunganisha bodi na kompyuta kwa waya wa USB, huchagua aina ya bodi na mlango wake, kisha hupeleka amri za kuwasha na kuzima taa ndogo. Bodi nyingi za bei nafuu hudai programu moja zaidi ili kompyuta izitambue. Hapo wanaoanza wengi hukwama, wakidhani wameuziwa bodi mbovu.

Mwaka wa 2013 watu wa Ushahidi, shirika lililoanzisha iHub, walitangaza BRCK: sanduku la kuunganisha watu na intaneti, lenye betri ya saa nane kwa ajili ya umeme ukatikapo. Waliomba michango ya kulitengeneza kwa njia ya intaneti, wakapata zaidi ya dola 170,000.