Kupima umeme wa nyumbani kwa mita ya mshale

Ndugu zangu wa Pwani wakinipigia simu huku Dundori huuliza baridi, kisha viazi. Umeme hawaulizi, nao ndio ulionishughulisha juzi. Jirani yangu ana mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, na mota yake ilikuwa ikipata moto hata haishikiki. Aliambiwa anunue nyingine. Mita ya mshale ikasema jingine.

Umeme wa majumbani Kenya ni volti 240, hezi 50. Basi kiteuzi cha mita kiwe kwenye ACV. Si DCV, na hasha si omu wala ampea! Kwenye ampea ni kama umegusanisha nyaya mbili zenyewe kwa zenyewe. Mita yaweza kukulipukia mkononi.

Mita nyingi za bei nafuu zina vipimo vya 10, 50, 250 na 1000. Wengi hukimbilia 250. Mimi naanza na 1000, kwa sababu umeme ukizidi kidogo mshale hugonga ukingo. Ukiona uko chini ya 250, toa ncha kwanza, ndipo ugeuze kiteuzi, kisha urudi kupima.

Kabla ya hayo tazama mshale umelala kwenye sifuri na nyaya za mita hazina ufa. Vaa viatu vikavu vya mpira. Sakafu za mazizi ya huku hazikauki. Vidole vibaki nyuma ya kizuizi cha ncha, na ukiweza tumia mkono mmoja, ule mwingine usiguse chuma wala ukuta. Ncha nyeusi itangulie kwenye nyutro, nyekundu ifuate kwenye laivu. Wakati wa kutoa, nyekundu itangulie.

Laivu na nyutro zitoe karibu 240, laivu na erthi vivyo hivyo, nyutro na erthi karibu na sifuri. Laivu na erthi zisipotoa kitu, huenda erthi yako ni jina tu.

Kwa jirani, mashine ikiwa imezimwa, tulipata 235. Ilipowashwa, mshale ukaanguka hadi 185. Kwenye soketi ya nyumbani haukutikisika sana, kwa hiyo ubovu ulikuwa njiani: waya mwembamba mrefu hadi zizini, na kiungo kimefungwa kwa karatasi ya nailoni. Mota inayokosa volti huvuta ampea zaidi, ndiyo maana ikachemka.

Ukitaka kuhakikisha waya umekufa, pima kwanza soketi unayojua ina umeme, kisha waya wako, kisha soketi ile tena. Mita iliyokatika waya ndani nayo husema sifuri.

Jirani tulimzimia swichi kuu, na fundi mwenye leseni ya EPRA akaja kubadilisha waya.