Kavirondo: Jina Lililoingia Vitabuni Kabla ya Wenyewe

Toleo la 11 la Encyclopaedia Britannica, lililotoka mwaka 1910 na 1911, lina ingizo la neno ambalo leo ni adimu katika Kiingereza: Kavirondo. Humo Wakavirondo wanaelezwa kuwa ni watu wa bonde la mto Nzoia, wa miteremko ya magharibi ya Mlima Elgon, na wa pwani ya kaskazini-mashariki ya Ziwa Victoria. Ingizo hilohilo linasema kwamba jina hili linakusanya makundi mawili yaliyo mbali kwa lugha, moja la Kibantu na jingine la Kinailoti. Hapo ndipo penye kasoro. Kama Wabukusu wa Bungoma na Wajaluo wa ukingo wa ziwa hawasikilizani kwa lugha wala hawafanani kwa mila, kilichowafanya wawe watu wa jina moja ni nini? Ninavyoona, jina hili halikuwa la kabila lolote. Lilikuwa jina la nchi midomoni mwa wapita njia, na vitabu vilikosea pale vilipolinakili kama jina la watu bila kutaja aliyelitamka.

Ushahidi wa kwanza ni njia lilikopitia. Misafara ya biashara kutoka Mombasa na Pangani ilifika kandokando ya ziwa kutafuta pembe za ndovu kabla serikali ya Kiingereza haijaweka mguu huku, na wenye misafara walihitaji majina mapana ya nchi watakazopita. Joseph Thomson, aliyefika Kavirondo mwishoni mwa mwaka 1883 akiwa na wapagazi wa pwani, alilikuta jina liko tayari, na kitabu chake cha mwaka 1885 kikalieneza kwa wasomaji wa Uingereza. Kisha wakaja maofisa. C. W. Hobley aliandika juu ya Kavirondo mwaka 1898. Harry Johnston, katika kazi yake kubwa ya mwaka 1902 kuhusu himaya ya Uganda, aliona wazi kwamba jina limebeba watu mbalimbali. Hakuliacha, bali alilikata vipande, Kavirondo wa Kibantu na Kavirondo wa Kinailoti. Mwanachuoni anapolazimika kuongeza kivumishi ili jina lieleweke, jina limeshindwa kazi yake.

Kuna wanaodai kwamba asili ya neno ni Kiswahili, ati ni watu wanaokalia visigino. Dai hili limerudiwa mara nyingi, lakini lina udhaifu: neno la kawaida la Kiswahili ni kisigino, na kutoka hapo hadi virondo ni safari ndefu ya sauti. Kamusi inayotoa maelezo hayo kama jambo lililothibitishwa inampotosha msomaji. Iandike tu kwamba asili haijulikani.

Ramani nayo inashuhudia. Nzoia hupata maji yake ya mwanzo katika milima ya Cherangani, juu ya mji wa Kachibora. Kwa maneno ya Britannica, basi, Kachibora ingehesabiwa kuwa nchi ya Kavirondo. Lakini nyanda hizi zilikuwa malisho ya wafugaji kama Wasabaot, na misitu ya Cherangani ilikuwa makao ya Wasengwer. Watu hawa kwa kawaida hawakuitwa Wakavirondo. Mwandishi wa ingizo alifuata mto kwenye karatasi akadhani amefuata watu.

Hoja nzito dhidi yangu ni kwamba wenyeji wenyewe walilitumia jina hili. Ni kweli. Mwaka 1921 ilizaliwa Young Kavirondo Association, na mwaka 1923 Kavirondo Taxpayers' Welfare Association, iliyoongozwa na Archdeacon Owen. Lakini tuangalie vyama hivyo vilikuwa vikizungumza na nani. Malalamiko yao yalihusu kodi, kipande na ardhi, na yalipelekwa kwa serikali iliyokuwa imeandika jina hilo kwenye wilaya zake. Mlalamikaji hutumia jina lililoko kwenye faili. Walipozungumza wao kwa wao, mambo yalikuwa tofauti: miaka ya 1930 viongozi wa kaskazini walianza kulipigania jina la Abaluyia, yaani Waluhya, na mwaka 1948 wilaya ya North Kavirondo ikawa North Nyanza. Mwaka mmoja baadaye likatoka buku la kwanza la Günter Wagner, tokeo la utafiti alioufanya huku miaka ya 1930, na jalada lake bado lilisema Wabantu wa North Kavirondo. Hata msomi makini kiasi hicho alipitwa na watu aliowaandika.

Wapo wanaotaka neno lifutwe kabisa kwa kuwa lilitumika kwa dharau, hasa kwa vibarua katika mashamba ya walowezi. Uchungu huo nauheshimu, ila kufuta kutamdhulumu mjukuu. Nyaraka za ardhi na za kazi zimejaa neno hili, na atakayetafuta nyayo za babu yake humo ni lazima alijue. Wahariri wa kamusi walibakize, lakini waandike wazi: jina la zamani la kikoloni la eneo la mashariki ya Ziwa Victoria, wenyeji wake ni Waluhya, wakiwemo Wabukusu, na Wajaluo.