Nipe Namba Uliyonipa: Historia Fupi ya Ufunguo wa Rekodi

Mwalimu wa Kiswahili hahitaji kuambiwa kwamba maneno tofauti huweza kuwa na umbo moja. Kaa ni kiumbe wa baharini, kaa ni kipande cha kuni kilichoungua, na kaa ni kitenzi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu (1981) huyatenganisha maneno ya namna hii kwa namba ndogo. Wataalamu wa kompyuta nao walikumbana na tatizo hilohilo. Kwa kuwa idara nyingi za lugha sasa huhifadhi msamiati katika hifadhidata, historia yake inatuhusu.

Mwezi Juni 1970, Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya IBM huko San Jose, California, alichapisha makala iliyopendekeza data zipangwe katika majedwali. Mifumo mingi ya wakati huo iliilazimu programu kufuata njia iliyokwisha kujengwa, kutoka rekodi moja hadi nyingine. Codd alitaka kila rekodi itambulike kwa thamani iliyomo ndani yake, yaani ufunguo. Jedwali jingine likitaka kuitaja rekodi hiyo, litaje ufunguo wake tu.

Lakini ufunguo uwe nini? Neno "kaa" halifai, maana yako matatu. Majina ya watu nayo hufanana, tena hubadilika. Mwaka 1979 Codd mwenyewe aliandika juu ya vitambulisho vinavyotolewa na mfumo. Baadaye programu za hifadhidata zikawa zinatoa namba zenyewe: 1, 2, 3 na kuendelea. MySQL, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1995, hufanya hivyo kwa safu iitwayo AUTO_INCREMENT.

Hapo likazuka swali jipya. Ikiwa namba hutolewa wakati rekodi inapoingizwa, aliyeiingiza ataijuaje? Jibu la haraka ni kuuliza: namba kubwa kuliko zote ni ipi? Sisi wenyewe tuliwahi kufanya hivyo tulipokuwa tukikusanya msamiati na wanafunzi wetu. Tuseme mwanafunzi wa kwanza ameingiza "kaa", nalo likapewa 412. Kabla hajauliza, mwenzake akaingiza "paa", likapewa 413. Wa kwanza alipouliza alijibiwa 413, na sentensi yake kuhusu mnyama wa baharini ikaandikwa chini ya "paa". Kompyuta haikulalamika hata kidogo, kwani kwake namba zote mbili zilikuwa halali. Makosa hayo tuliyagundua wakati wa kusoma orodha darasani.

Swali sahihi ni jingine: mimi umenipa namba gani? MySQL hulijibu kwa LAST_INSERT_ID, ambayo huangalia muunganisho wa anayeuliza peke yake, wala haijali wengine wameingiza nini. Katika SQL Server, amri ya @@IDENTITY ilikuwa na kasoro yake: kama uingizaji mmoja ulisababisha mwingine katika jedwali la pembeni, ilirudisha namba ya huo wa pili. Kwa hiyo toleo la 2000 lilileta SCOPE_IDENTITY. PostgreSQL 8.2, mwezi Desemba 2006, iliongeza neno RETURNING: amri ileile inayoingiza rekodi hurudi na namba yake, bila kuuliza mara ya pili.

Tunaona kwamba miaka yote hiyo ilikuwa safari ya kuelekea jambo ambalo karani yeyote wa masjala analijua. Mtu akileta barua, hupewa namba yake papo hapo mkononi; haambiwi arudi kesho kuangalia barua ya mwisho ni ipi.

Kwa hiyo, wenzetu mnaoandaa orodha za istilahi, kabla hamjaanza kuingiza maneno mwulizeni fundi wenu: namba ya neno jipya inapatikanaje? Akisema anachukua iliyo kubwa kuliko zote, msianze kazi.