Nakshi ya Damu ya Mzee

Siku ya sherehe, barabara ya Kabaka Anjagala kutoka Bulange, jengo la bunge la Buganda, hadi lango la Lubiri, ikulu ya Kabaka (mfalme), hufurika kanzu nyeupe. Mzanzibari akipita hapo Mengo atajiona kwao, mpaka macho yatue kifuani. Darizi ya kanzu yake mara nyingi ni nyeupe juu ya nyeupe. Ya Mganda ni uzi wa rangi ya damu ya mzee, unaozunguka shingo na kushuka hadi karibu na tumbo. Waganda huuita omulera.

Kanzu yenyewe ilipanda na misafara ya pwani. Mwaka 1844 mfanyabiashara Mwarabu Ahmed bin Ibrahim alifika kwa Kabaka Suuna II, katika nchi iliyokuwa ikivaa magome ya mti wa mutuba na ngozi. Mrithi wake, Mutesa I, aliipenda mitindo ya Kiarabu, na mvumbuzi Stanley, alipofika mwaka 1875, alikuta majoho yameshazoeleka barazani. Vazi lilikuwa la wageni. Ule uzi ndio ulioliandikisha uraia.

Gomesi, vazi la wanawake, nalo lina safari yake. Linabeba jina la Caetano Gomes, fundi Mgoa aliyeshona Kampala mwanzoni mwa karne ya 20, na wengi hulihusisha na wasichana wa shule ya Gayaza, iliyofunguliwa mwaka 1905. Mwaka 1914 Irene Drusilla Namaganda, mke wa Kabaka Daudi Chwa, alilivaa mumewe alipotawazwa. Tangu hapo likawa vazi la heshima. Ukilitazama kwa karibu: shingo ya mraba, mabega yaliyochongoka, vifungo viwili upande wa kushoto, na mshipi mpana unaofungwa chini ya kiuno, ncha zake zikining'inia mbele, wakati mwingine na matamvua. Kwangu mimi, mshipi ndio gomesi. Kitambaa hata kiwe ghali vipi, bila huo ni gauni pana tu.

Mwaka 1966 jeshi la Uganda liliivamia Lubiri, mwaka uliofuata falme zikafutwa, na hadi 1993 Mengo haikuwa na Kabaka. Nakshi hazikusubiri ikulu. Zilibaki kwenye kwanjula, sherehe ya utambulisho pale ukweni, upande wa bwana harusi ukifika kwa kanzu na gomesi. Mgeni akija na kanzu ya Muscat, hafukuzwi. Ila mashangazi watamtazama kifuani kabla ya usoni.