Pika, Chu: Historia ya Jina la Panya wa Umeme

Mswahili akilisikia jina Pikachu kwa mara ya kwanza, sikio linakimbilia jikoni: apike nini? Wengine watafikiria pikipiki. Hao wa pikipiki ndio walio karibu zaidi na ukweli, maana chombo hicho nacho kilibatizwa kwa mlio wake.

Pika ya Kijapani ni tanakali, tena ya aina ambayo Kiswahili kinaijua vizuri. Tukisema jiwe limetumbukia majini chubwi, tunaiga sauti. Lakini tukisema kanzu ni nyeupe pe, au giza ni totoro, tunaiga sauti ya nini? Weupe haulii. Hapo ulimi unakipa sauti kitu kilichoonwa na jicho tu. Pika ni ndugu wa hiyo pe: ni mmweko, cheche, kitu kinachong'aa ghafla. Chu ndiyo inayoiga sauti hasa, kwani masikioni mwa Wajapani panya hulia hivyo. Unganisha viwili hivyo, umempata panya wa umeme, na mtoto wa Tokyo hahitaji kufafanuliwa chochote.

Aliyembuni ni Atsuko Nishida, msanii aliyefanya kazi na Game Freak, kampuni ya Satoshi Tajiri iliyotengeneza michezo ya kwanza ya Pokémon na kuitoa Japani tarehe 27 Februari 1996. Kwa miaka mingi mashabiki walimwaga sifa zote kwa Ken Sugimori, kwa sababu picha rasmi zilizosambaa zilikuwa za mkono wake. Nishida alisimulia upande wake kwa kirefu mwaka 2018, katika mahojiano na gazeti la Yomiuri, na maelezo yake yanachekesha. Umbo la kwanza, alisema, lilifanana na daifuku, yaani kitafunio laini cha unga wa mchele chenye maharage matamu ndani, ila hiki kilirefuka kwenda juu na kuota masikio. Wakati huo alikuwa amependa sana kindi, na kindi huficha chakula mashavuni. Basi naye akampa kiumbe wake mashavu ya kuhifadhia umeme. Kwa hiyo panya maarufu kuliko wote katika michezo ya video alianza kama kitafunio, akapitia ukindi, ndipo akawa panya. Skrini ya Game Boy wala haikuwa na rangi. Ilionyesha vivuli vinne tu, kwa hiyo umbo lenyewe ndilo lililopaswa kumtambulisha.

Alikusudiwa kukua mara mbili. Kwanza awe Raichu, na rai ni radi. Kisha awe Gorochu, mwenye meno yaliyochomoza na pembe mbili. Goro nayo ni tanakali: ni ngurumo inayobingirika mbali angani. Hebu fuata mpangilio huo: mmweko, radi, ngurumo. Ni dhoruba nzima iliyoandikwa kwa majina matatu! Gorochu aliondolewa kabla mchezo haujatoka, na mimi bado namsikitikia, si kwa pembe zake bali kwa sababu dhoruba ile ilikatwa katikati.

Pokémon ilipovuka kwenda Marekani mwaka 1998, majina mengi yalibadilishwa. Hitokage, ambaye jina lake limefumwa kwa moto na mjusi, akawa Charmander. Fushigidane akawa Bulbasaur. Pikachu hakuguswa. Nadhani katuni ya televisheni, iliyoanza Japani Aprili 1997, ilichangia sana. Humo kiumbe huyu karibu hasemi kitu ila jina lake, kwa sauti ya mwigizaji Ikue Otani, na sauti hiyohiyo ikabaki hata katika toleo la Kiingereza. Kumbadilisha jina kungekuwa kumnyang'anya lugha yake yote.

Hong Kong walilionja jambo hilo mwaka 2016. Huko, kwa Kikantoni, watoto walikua wakimwita Bei-ka-chiu, kwa herufi zilizochaguliwa kufuata sauti. Nintendo ikaamua kutumia jina moja la Kichina kila mahali, na herufi zilizochaguliwa zikawa zile zinazosikika vizuri kwa Kimandarini: Pikaqiu. Zisome herufi hizo kwa Kikantoni, unapata Pei-ka-yau. Ile chu imepotea, na panya kaondoka nayo. Mwisho wa Mei watu waliandamana hadi ubalozi mdogo wa Japani na mabango yao. Wasiojua waliwacheka: watu wazima wanamlilia katuni? Lakini katika mji unaohofia Kikantoni kumezwa na Kimandarini, silabi moja ilitosha kuwatoa watu barabarani. Mchezo ulitoka Novemba mwaka huohuo, na jina jipya ndilo lililokuwa ndani yake.