Milima, Mvua na Njia: Jinsi Watu Walivyoikalia Nchi na Kanisa Likawafuata

Msomaji atakayefuatilia historia ya vituo vya kwanza vya misheni ya Kilutheri katika nchi yetu ataona kwamba vingi vyake vinafanana kwa jambo moja. Mlalo (1891) iko katika milima ya Usambara. Machame (1893), Mamba (1894) na Kidia ya Old Moshi (1896) ziko kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Wamisionari wa Berlin walioingia kwa njia ya Ziwa Nyasa mwaka 1891 walipanda hadi nyanda za juu za Rungwe, na wale wa Bethel waliofika Bukoba mwaka 1910 walikuta nchi ya mvua na migomba kando ya ziwa. Ukiondoa kazi iliyoanzia Dar es Salaam na Uzaramo, vituo hivyo vilifuata ardhi ya juu au ardhi yenye maji. Katikati ya nchi palibaki eneo pana ambalo kwa miaka mingi lilikuwa na vituo vichache tu.

Jambo hilo halikutokea kwa bahati. Wamisionari walikwenda palipokuwa na watu, na watu walikuwa wamekwisha kukaa palipokuwa na mvua. Ili kuielewa historia ya usharika huu wa mlimani, hatuna budi kuanza na umbo la nchi yenyewe.

Nchi iliyojaa pembeni

Anayeitazama ramani ya Tanzania ataona kwamba watu wengi wamekaa pembeni, mfano wa pete: pwani, Usambara na Upare, Kilimanjaro na Meru, kanda ya Ziwa Victoria, Kigoma, kisha nyanda za juu za kusini. Katikati na kusini-mashariki wakazi wametawanyika. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120, yaani wastani wa watu wapatao 68 kwa kila kilometa moja ya mraba ya nchi kavu. Mkoa wa Kilimanjaro ulikuwa na wastani wa watu wapatao 140, na Mkoa wa Lindi watu wapatao 18 tu. Hata hivyo wastani huficha mengi. Ndani ya eneo la Mkoa wa Kilimanjaro zimo pia tambarare kavu na hifadhi isiyokaliwa, kwa hiyo vijiji vya miteremkoni vimesongamana kuliko tarakimu hiyo inavyoonyesha.

Sababu ya kwanza ni mvua. Pepo za kusini-mashariki hutoka baharini zikiwa na unyevu, na zinapokutana na mlima hulazimika kupanda, zikapoa na kunyesha. Ndiyo maana miteremko ya kusini ya Kilimanjaro hupata zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, hali Dodoma, yenye msimu mmoja wa mvua, hupata kwa wastani chini ya milimita 600. Sababu ya pili ni udongo wa volkano, ambao hulisha mgomba mwaka baada ya mwaka. Sababu ya tatu ni afya, kwa kuwa mbu wa malaria na mbung'o walikuwa wachache katika baridi ya juu kuliko tambarare.

Lakini neema ya mlima haikujileta yenyewe nyumbani. Wazee wetu walichimba mifereji iliyochukua maji kutoka mabonde ya msituni hadi kwenye vihamba, wakaweka taratibu za zamu na za kuisafisha. Kihamba chenye migomba, na baadaye kahawa, kiliwezesha familia nyingi kuishi kwenye eneo dogo. Mchungaji Bruno Gutmann, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kuondoka mwaka 1938, alilitambua hilo. Aliujenga usharika juu ya ukoo, ujirani na rika, kwa sababu watu waliokaa ua kwa ua walikuwa na vifungo hivyo tayari. Utaratibu wa namna hiyo usingekuwa rahisi mahali ambapo jirani yuko mwendo wa nusu siku.

Nyika haikuwa tupu tangu mwanzo

Tungekosea kama tungesema kwamba jiografia peke yake iliamua kila kitu. Maeneo mengi tunayoyaita mapori yalikuwa na wakazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliua ng'ombe wengi mno. Mifugo ilipotoweka na watu kupungua kwa njaa na ndui, vichaka viliota upya, na mbung'o wakaingia. Kisha vikaja Vita vya Maji Maji (1905–1907). Majeshi ya Kijerumani yalichoma mazao na maghala kusini, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Vijiji vingi havikurudi tena. Tangu miaka ya 1920 serikali ya Kiingereza iliwahamisha wakazi wa magharibi kwenye makazi ya pamoja ili kuwaepusha na malale, na katika miaka ya 1940 watu wa sehemu za Liwale nao walihamishwa. Ardhi waliyoiacha ikawa makao ya wanyama. Kwa hiyo upweke wa kusini una mkono wa mwanadamu ndani yake.

Reli nayo iliongeza tofauti. Ilifika Moshi mwaka 1911 na Arusha mwaka 1929, ikabeba kahawa ya mlimani hadi Tanga. Mahali palipokuwa na watu pakapata njia, shule na hospitali, na mambo hayo yakavuta watu wengine.

Majaribio ya kuihamisha ramani

Wako waliojaribu kuibadilisha hali hii kwa amri. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango mkubwa wa karanga huko Kongwa. Walileta matrekta, lakini udongo ulikauka ukawa mgumu kama tofali na mvua haikutosha. Mpango ukaachwa mwaka 1951 baada ya kupoteza mamilioni ya pauni. Wagogo, walioishi humo kwa mifugo na nafaka zinazovumilia ukame, walikuwa wakiijua nchi hiyo zamani.

Baada ya uhuru, uhamishaji wa miaka ya 1973 hadi 1976 uliwakusanya mamilioni ya wananchi katika vijiji vya Ujamaa. Kilimanjaro na Bukoba hazikuguswa sana, kwa sababu wakazi walikuwa wameshakaa pamoja. Mwaka 1973 pia iliamuliwa makao makuu yahamie Dodoma. Uamuzi huo ulisubiri muda mrefu, na serikali ilianza kuhamia huko kwa kasi tangu mwaka 2016.

Watu wanashuka

Mabadiliko makubwa zaidi, hata hivyo, yamefanywa na watu wenyewe. Kihamba kilichogawiwa wana, kisha wajukuu, hakigawanyiki tena. Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022 watu wa Mkoa wa Kilimanjaro waliongezeka kutoka 1,640,087 hadi 1,861,934, nyongeza isiyofika asilimia 14, wakati nchi nzima iliongezeka kwa zaidi ya asilimia 37. Katika muda huohuo Mkoa wa Katavi, uliopokea wafugaji na wakulima kutoka kanda ya ziwa, ulikua kutoka watu 564,604 hadi 1,152,958. Dar es Salaam ilipita milioni tano. Vijana wetu wamo humo.

Hapa ndipo historia inapotugusa sisi. Sharika za mlimani zilijengwa kwa sababu watu walikuwa mlimani, na zilikaribiana kwa sababu nyumba zilikaribiana. Leo madawati hujaa wakati wa Krismasi, wanaporudi wa mjini kuwaona wazazi, na hupungua Januari. Wazee wanabaki na vihamba, na kahawa iliyosomesha watoto imezeeka pamoja nao. Wakati huohuo, katika tambarare na mapori ya zamani kuna vijiji vipya ambavyo mwinjilisti mmoja hutembea siku nzima kati ya mtaa na mtaa.

Waliotutangulia waliwafuata watu walikokuwa, na ndiyo sababu usharika wetu upo hapa. Wajibu wetu kwa miaka mia ijayo una pande mbili. Kwanza, kuwatunza wanaobaki, maana mlima haujaachwa na hautaachwa. Pili, kutoa watumishi na sadaka kwa ajili ya nchi ya chini, walikokwenda watoto wetu, na ambako wenyeji wake walikuwapo kabla yao. Mtaa utakaofunguliwa huko mwaka huu utahitaji mwinjilisti, baiskeli au pikipiki, na bati za kuezekea. Hivyo vyote vimo katika uwezo wa usharika wenye umri kama wetu.