Basumba walitangulia chuo

Anayeisoma historia ya kilimo cha Usukumani kwenye mafaili ya serikali peke yake atadhani mafunzo yalianzia Ukiriguru, kituo cha utafiti kilichofunguliwa karibu na Mwanza miaka ya 1930. Kumbe Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa na shule ya vijana kabla ya hapo: basumba, waliolima mashamba ya watu kwa pamoja chini ya kiongozi wao, nsumba ntale, na kulipwa ng'ombe au mbuzi wa kula. Majembe yalikwenda kwa mdundo wa ngoma, na baada ya mavuno makundi ya ngoma ya Bagika na Bagalu yalishindana uwanjani. Kijana alitoka humo anajua kupanga kazi na kuwajibika mbele ya wenzake. Chuo kilipokuja, kilijengwa pembeni ya shule hiyo badala ya juu yake, na hasara yake tunayo mpaka leo.

Watakuwepo wa kusema kwamba vikundi vilifundisha nguvu, si sayansi. Ni kweli ngoma haizuii wadudu. Mbegu za pamba za UK, yaani Ukiriguru, zilizaliwa na utafiti: majani yake yana vinyweleo vinavyomsumbua mdudu mdogo wa kijani anayefyonza utomvu. Lakini tazama utaalamu ulivyopokelewa. Mpango wa maendeleo ya Usukuma ulioanza 1947 ulileta matuta na kupunguza mifugo kwa amri na faini. Wananchi wakaukataa, na baada ya vurugu za Geita za 1958 serikali ikalegeza. Miaka hiyohiyo wakulima walewale walijiunga kwa hiari na ushirika wa akina Paul Bomani, Victoria Federation, ulioundwa 1955, na pamba ikastawi.

Baada ya uhuru njia ya kwenda chuoni, hadi Sokoine ya Morogoro iliyoanzishwa 1984, imepita kwenye alama za biolojia na kemia. Aliyeongoza kikundi shambani na asiyewahi kushika jembe wanapimwa sawasawa. Kutambua uzoefu hakushushi viwango. VETA tayari inawapima mafundi waashi waliojifunzia kazini na kuwapa vyeti. Kijana wa Itilima naye apimwe shambani: apande pamba kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 30, amtambue mdudu kabla ya kupiga dawa, aeleze kwa nini masalia hung'olewa na kuchomwa. Akifaulu, apewe nafasi chuoni, na kemia aimalizie huko.